Shahidi wa Juu ya Paa

Fundi wa mashine alipomaliza maelezo yake, Sajini alikagua kucha zake. Inspekta, mama wa makamo ambaye kituo kizima cha polisi kilimwita Chujio kwa sababu maneno ya mtu hayakupita kwake bila kuacha makapi, alibaki ameshika kalamu kama anayetaka kuandika, na hakuandika kitu.

"Rudia," alisema.

"Nirudie yote, afande?"

"Tangu ulipofungua mkanda."

Fundi akavuta pumzi. Begi lake la safari lilikuwa bado mapajani. "Mkanda wa mashine ya kusaga mawe ulichanika. Nikaufungua, nikaukunja, nikapanda nao basi, maana hapa kwetu hakuna anayeweza kuunga mkanda mzito namna ile. Sasa nipo kule kwa fundi mwenzangu, mkanda uko mezani kwake, simu zikaanza kuita. Lori la soda limemgonga msusi kwenye barabara ya machimboni, amekufa palepale. Nikamwambia mwenzangu, barabara hiyo ni yetu, napita kila siku. Mkanda ulikuwa mbele ya macho yangu, afande."

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilipitiliza kijijini kumuuguza baba. Kule mtandao mpaka upande mlima kuutafuta. Narudi tu, naambiwa Kokoto yuko mahabusu na mwenyewe amekiri. Amekiri nini? Mashine haina mkanda, ilisaga mawe kwa meno?"

Sajini alitaka kucheka, akaona uso wa mkubwa wake, akakohoa.

Kokoto alikuwa msimamizi wa machimbo ya mawe, na kesi yake ilikwisha kupikwa, ikaiva, ikapakuliwa. Dereva wa lori alisema vumbi la machimbo lilimfunika asimwone msusi akitembea kando ya barabara. Kituo cha kupima hewa kwa mwanga wa jua kilisema mchana ule hewa ilijaa vumbi. Modeli ya kompyuta, ile inayoufuata upepo kinyumenyume mpaka ulikotoka, ikasema vumbi hilo lilitoka machimboni. Na Kokoto mwenyewe, baada ya kukana na kukana tena, aliweka sahihi kwamba aliendesha mashine bila kuyamwagia mawe maji, kinyume cha sheria. Kesho asubuhi angepelekwa kuyarudia maneno hayo mbele ya hakimu. Akishayarudia ni jela, na kumtoa huko si kazi ya mwaka mmoja.

Mkuu wa kituo alikuwa amemsimamisha Chujio mbele ya waandishi wa habari akamvika kilemba cha ukoka: huyu ndiye askari wa kisasa, anayelifanya hata jua litoe ushahidi. Chujio alikivaa, na kusema kweli kilimkaa vizuri.

Sasa akavuta simu. Alimpigia mwenyewe yule fundi wa kuunga mikanda, sauti ikiwa wazi chumba kizima kisikie, bila kumtajia tarehe wala ajali. Alimuuliza tu, mkanda wa machimboni uliletwa lini?

"Siku ile msusi wa huko kwenu alipogongwa," mtu akajibu. "Aliyeuleta alikuwa hapa hapa akisikitika."

Chujio akashukuru, akakata simu.

"Niwashe gari?" Sajini aliuliza. "Tunakwenda kwa Kokoto?"

"Kwa Daktari, kule kituo cha kupima hewa."

Njiani Sajini aliendesha kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Walipopita soko ndipo akasafisha koo.

"Afande, kuna kitu nimekisikia. Mwenye lile lori la soda ni shemeji yake Daktari."

"Unaniambia leo?"

"Nilidhani ni umbea."

"Umbea ni nusu ya kazi yetu, Sajini." Hata hivyo moyo wake ulipata nafuu kidogo. Kama Daktari amezipika namba ili kumwokoa shemeji yake, basi yeye Chujio ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia watu humwonea huruma.

Kituo cha kupima hewa kilikuwa nje ya mji, pale nyumba zinapoisha na kubaki miiba, mchanga na joto. Lilikuwa jengo fupi la paa bapa, na ngazi ya chuma imefungwa ukutani kwa nje kupanda mpaka juu. Juu ya paa kilikaa kipimajua: mabomba mawili membamba kwenye mkono wa chuma, yanayolifuata jua tangu linapochomoza hadi linapozama. Mara ya kwanza Daktari alimweleza Chujio kazi ya chombo hicho kwa ufasaha uliomwacha mdomo wazi. Tunajua, alisema, mwanga wa jua unavyokuwa kabla haujaingia kwenye hewa yetu. Bomba moja kati ya yale mawili linapima ule unaofika. Uliopungua umemezwa njiani na vumbi au moshi, na kwa kuangalia rangi iliyomezwa zaidi tunajua ni lipi kati ya hayo mawili. Moshi hupenda kumeza buluu. Vumbi la nchi kavu humeza rangi zote sawasawa.

Mji mzima ulimwita Daktari kwa sababu ya shahada yake, na mara mojamoja mama mgeni hubisha hodi pale akiwa na mtoto mwenye homa. Alikuwa mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Karibuni, karibuni. Maelezo ya mahakamani nimeshayamaliza, bado sahihi tu."

"Sahihi isubiri. Shemeji yako hajambo?"

"Shemeji yupi?"

"Mwenye malori."

Daktari aliweka kikombe chini. "Huyo hatujasalimiana tangu matanga ya mama mkwe. Afande, kama umekuja na hilo umepotea njia. Namba hizi mimi sizishiki. Zinatoka juu ya paa, zinakwenda zenyewe makao makuu kabla sijamaliza chai. Wapigie simu, waulize kama naweza kubadilisha hata nukta."

Chujio aliwapigia. Makao makuu walisema hawezi, na walishangaa hata kuulizwa. Basi njia hiyo ikafungika, na ile nafuu yake ndogo ikaondoka nayo.

Hakutaka kuondoka mikono mitupu. Akasimama nyuma ya kiti cha Daktari akitazama kompyuta, mstari mwekundu ukijichora taratibu.

"Huu ndio leo?"

"Ndio leo."

"Unasemaje?"

"Vumbi jingi. Kama siku ile, tena limezidi kidogo."

"Linatoka wapi?"

Daktari akabonyeza mahali. "Modeli inasema machimboni."

"Machimbo yamefungwa."

"Enhe?"

"Nimeyafunga mwenyewe tangu nimkamate Kokoto. Utepe wa polisi umezungushwa kila upande. Hakuna anayesaga pale hata karanga."

Feni ya darini ilizunguka. Daktari akajikuna shingo, akasema lipo vumbi la zamani lililolala chini, na upepo unapovuma huliinua, na katika nchi kavu kama hii jambo hilo ni la kawaida kabisa. Alilisema vizuri, kama anavyosema kila kitu. Chujio alikwenda dirishani.

"Njoo hapa. Ule mnara wa simu kule kilimani, unauona?"

"Nauona."

"Mimi naona mpaka waya zake."

"Macho hudanganya, afande. Ndiyo maana tuna vipimo."

"Leo nitayaamini kidogo. Nionyeshe siku nyingine. Jumapili, ambayo machimbo hayafanyi kazi. Na ile siku ya manyunyu."

Akamwonyesha. Siku baada ya siku ulikuwa mstari uleule. Asubuhi uko chini, mchana umeinuka, jioni umeshuka.

"Unafanana na nundu ya ng'ombe," Chujio alisema. "Vumbi lako lina saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka?"

Daktari alikaa. Chujio alikwisha kukaa mbele ya waongo wa kila namna, wanaolia, wanaoapa, wanaoomba maji, naye aliona kwamba huyu hakuwa mmoja wao. Mtu huyu alikuwa amekutana na kitu anachokijua.

"Daktari."

"Kitu kikiziba bomba," alisema polepole, "kosa huwa kubwa zaidi jua linapokuwa utosini. Jua likiwa chini, mwanga unapita kwenye hewa nyingi, kosa linajificha humo. Mchana njia ni fupi, linatokeza. Linachora nundu. Nafundisha hilo, afande. Kila mwaka. Ni somo la kwanza kabisa."

"Na kizuizi kinameza rangi gani?"

"Zote sawasawa."

"Kama vumbi."

"Kama vumbi."

"Mara ya mwisho kulisafisha bomba ilikuwa lini?"

Daktari alitazama dirishani, pale ilipopita ngazi ya chuma, kisha akayashusha macho haraka. Ndipo akasema kwa sauti ambayo Sajini, aliyekuwa mlangoni, hakuisikia.

"Mimi na ngazi ile hatuelewani. Nilipanda siku moja kulisafisha, kizunguzungu kikanishika juu, nikashindwa kushuka. Mlinzi alinibeba mgongoni kama mtoto, wanafunzi wanatazama. Tangu hapo nimewaambia watu wote kwamba chombo kile hakiguswi, kinajisafisha chenyewe."

"Ungemtuma mtu."

"Angeniuliza kwa nini siendi mwenyewe."

Chujio alitaka kukasirika. Hasira ingemfaa sana wakati ule, maana mwenye hasira hutazama watu wengine. Mganga hajigangi, angeweza kumwambia, akamkemea mpaka mlinzi akaja. Lakini mkemeaji alikuwa nani? Yeye aliyapokea maneno ya mtu huyu kwa mikono miwili na hakuuliza swali hata moja ambalo angemuuliza mwizi wa kuku.

Akatoka nje, akashika ngazi. Chuma kilichoma viganja. Alipanda akiwa amekunja suruali yake, pumzi zikimpanda kabla yake, na alipofika juu alikuta jua la mchana limetanda paa zima. Kipimajua kilikuwa kimelielekea jua kwa unyenyekevu, kikifanya kazi yake. Chujio akapiga magoti, akachungulia ndani ya bomba la kwanza. Mwishoni aliona kioo kinang'aa. Akachungulia la pili, lile linalopima jua. Humo buibui alikuwa amejenga. Utando ulikuwa umenasa vumbi mpaka ukawa kama kitambaa, na katikati yake kimening'inia kifuko cheupe cha mayai.

Alikaa akiutazama kwa muda.

"Kuna nini?" Daktari aliita kutoka chini.

"Buibui."

Sauti ya Daktari ikapanda, nyembamba. "Upulize, afande. Pumzi moja tu, halafu tutaangalia namba zinasemaje."

Naam, pumzi moja. Chujio alikwisha kuwaza hivyo kabla hajaambiwa. Utando ungepeperuka, nundu ingetoweka, na watu wangesema vumbi limepungua kwa sababu machimbo yamefungwa. Tena ingekuwa sifa juu ya sifa. Fundi na mkanda wake wangepambana na sahihi ya mtu aliyekiri mwenyewe. Mkuu asingeuliza. Hakimu asingeuliza. Aliyewaza hayo hakuwa Daktari, alikuwa yeye, aliyeapa kwa kuinua mkono, na alikuwa ameinamia bomba karibu kiasi kwamba nyuzi za utando zilitikisika kwa kupumua kwake. Aligutuka, akaziba mdomo wake kwa kiganja. Aibu ilimshika hapo juu, peke yake, hakuna anayemwona.

Alitoa simu, akapiga picha bomba kwa kila upande. Kisha akasogea ukingoni.

"Sajini, leta mfuko wa vielelezo na mkasi. Daktari, panda."

"Afande, nimekueleza."

"Umenieleza, na mimi nimekuwa nikielezwa tu. Leo sikubali kuelezwa, utaona kwa macho yako na utasema ulichokiona. Sajini atakuwa chini yako, mimi juu yako. Huanguki."

Alipanda amefumba macho, Sajini akimsukuma kwa bega na kumnong'oneza upuuzi wa kumtia moyo: "Twende mzee, fikiria unapanda kitandani." Juu alitambaa kwa mikono na magoti, shati lake jeupe likakusanya uchafu wote wa paa. Akachungulia ndani ya bomba. Akakaa kitako palepale, akafunika uso.

"Yule bwana," alisema ndani ya viganja vyake. "Yule bwana wa machimbo."

"Bado hatujamaliza," Chujio alisema. "Modeli yako haina bomba. Nayo ilisema vumbi lilitoka machimboni. Iliona nini?"

"Haikuona kitu. Tunailisha namba za kipimajua hiki. Ikipewa vumbi, inachotafuta ni upepo ulivuma kutoka wapi. Siku ile ulivuma kutoka machimboni."

"Kwa hiyo nikikwambia mashahidi wangu wawili wanakubaliana..."

"Ni mmoja, afande. Wa pili amesimuliwa na wa kwanza."

Kila askari mpya aliyepita mikononi mwa Chujio alifunzwa hili kabla ya kufunzwa kufunga pingu: watenge mashahidi, mmoja asisikie la mwenzake, maana waliokula chungu kimoja hucheua chakula kimoja. Angeweza kuwatenga hata mapacha. Mashine mbili zilikaa chumba kimoja zikinong'onezana, na yeye akazipigia saluti.

Sajini akaukata utando kwa uangalifu pamoja na kifuko chake, akautia kwenye mfuko. Daktari aliandika maelezo mapya akiwa bado juu ya paa, na kushuka kulikuwa kazi kubwa kuliko kupanda.

Ndani ya gari Chujio hakumwambia Sajini awashe.

"Dereva wa lori," alisema. "Alisema vumbi lilimfunika. Yeye hakulishwa namba na mtu. Kumbuka siku ile ya kwanza tulipomhoji. Alianzaje?"

Sajini alishika usukani kwa mikono miwili. "Alisema, sikumwona."

"Halafu?"

"Akarudia. Sikumwona, sikumwona. Akawa analia."

"Neno vumbi lilitoka kwa nani kwanza?"

Sajini alitazama mbele, kwenye miiba.

"Sajini."

"Kwako, afande. Ulikuwa umetoka kuzungumza na Daktari kwenye simu. Ukamuuliza, vumbi lilikuwa jingi, sivyo? Akakutazama, akasema ndiyo, jingi sana."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani unajua unachofanya."

Hapo sasa hakukubaki kitu cha kuchuja. Modeli ilisimuliwa na bomba. Dereva alisimuliwa na yeye. Kokoto naye alisimuliwa na yeye, siku baada ya siku, mpaka akakubali. Kesi nzima, pamoja na waandishi wa habari na kilemba chake, ilikuwa imening'inia kwenye uzi wa buibui, na aliyeutembeza uzi huo kutoka mdomo hadi mdomo hakuwa mtu mwingine.

"Nishushe mahabusu," alisema. "Wewe nenda kwa dereva. Muulize ilikuwaje, halafu nyamaza. Usimpe neno hata la kuazima."

Njiani alimpigia Mkuu, akamweleza yote bila kupaka rangi. Mkuu alivuta pumzi ndefu.

"Tulia kwanza. Tungoje wiki moja, tutafute namna nzuri ya kulisema."

"Mtu anapelekwa mahakamani kesho, mzee."

"Unajua utakavyoonekana?"

"Najua."

"Na mimi?"

"Nitaandika jina langu peke yangu," alisema, na Mkuu akakata simu bila kuaga.

Kokoto aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiburuta ndala. Alikuwa mtu wa kifua kipana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shimo. Sasa mabega yalikuwa yameingia ndani, na alipomwona Chujio aliinuka kabla hajaambiwa, akasema maneno ambayo ni wazi alikuwa ameyakariri.

"Kesho nitasema vilevile afande. Sitawasumbua."

"Kaa. Fundi wako amerudi. Mkanda alikuwa nao yeye siku ile. Mashine ilikuwa wazi, haikusaga. Na kile kipimo cha juu ya paa kilikuwa kibovu, kimejengewa na buibui. Hapakuwa na vumbi. Wewe huhusiki na kifo kile."

Kokoto alimtazama mdomo, kama kiziwi anayesoma midomo.

"Nilikwambia mkanda ulichanika," alisema.

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara nyingi."

"Nyingi."

"Ukaniambia nimechanganya siku. Ukasema binadamu husahau, jua halisahau. Mimi mtu wa mawe, nibishane na jua?" Alishusha sauti. "Nikaanza kufikiri, labda nimesahau kweli. Nikaanza kuikumbuka. Afande, hata sasa nikifumba macho naisikia mashine ile inasaga siku ile. Naisikia kabisa. Nayo hiyo niitoe vipi?"

"Nimekukosea," alisema Chujio. "Sina la kujitetea. Nimekukosea sana."

Kokoto aliitikia kwa kichwa, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeombwa radhi kwa kukanyagwa mguu. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha la nondo, na ghafla akasimama.

"Mama yangu."

"Amefanya nini?"

"Niliposaini, nilimtumia ujumbe aende kwa mama wa msusi aniombee radhi. Anakwenda kila siku. Anakaa chini nje ya geti. Walimmwagia maji ya vyombo, kesho yake akarudi. Mtu mzima yule, miguu inamuuma." Alikuwa amemshika Chujio mkono bila kujua. "Nani atamwinua pale? Mimi bado niko humu."

"Karatasi zako zinaandikwa sasa hivi. Jioni utalala kwenu. Mama nitamfuata mimi."

Alikwenda kwa miguu, maana haikuwa mbali, na maana hakutaka gari la polisi lisimame mbele ya nyumba ile tena. Karibu na kona simu ikaita. Alikuwa Sajini.

"Nilinyamaza kama ulivyosema, afande. Amekaa, amekaa, halafu amesema mwenyewe. Alikuwa anasinzia. Alizindukia kwenye kishindo."

"Mlete kituoni. Usimtukane."

Geti la mama wa msusi lilikuwa la bati, limepakwa rangi ya kijani. Nje yake, ubavuni mwa ukuta, bibi mmoja mnene alikuwa amekaa ardhini, miguu ameinyoosha, mtandio ameuvuta mpaka kwenye paji la uso. Kando yake kilikuwa kigoda kitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja kukuchukua. Kokoto anatoka leo. Hakuua."

Bibi aliinua uso, jua likampiga machoni, akayakinga kwa mkono. "Polisi wamesema ameua. Yeye mwenyewe amesema."

"Polisi alikosea. Naye alisema kwa sababu polisi alimfanya aseme."

"Polisi gani?"

Nyuma ya geti kulikuwa na mtu anafagia. Mfagio ukasimama.

"Mimi," alisema Chujio.

Yule mama hakupiga kelele, hakulia, hakumshukuru Mungu. Alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni, bila haraka, na Chujio akatamani ardhi ipasuke immeze, au walau mtu apite njiani aseme lolote. Hakupita mtu.

"Humu ndani yumo mwenzangu amezika mtoto," mama wa Kokoto alisema mwishowe. "Nimekuja kumwomba radhi kila siku. Amenitukana, amenimwagia maji. Jana akafungua geti, akanipa hiki kigoda, hakusema neno. Nimeona haya kukikalia. Leo nimwambieje? Kwamba machungu yote alikuwa anammwagia mtu siye, na huruma nayo alikuwa anampa mtu siye?"

"Nitamwambia mimi, mama."

"Utamwambia."

"Ndiyo."

Yule bibi akageuka, akaweka mikono ukutani, akaanza kujiinua. Chujio akamnyooshea mkono, hakuupokea. Ilimchukua muda kusimama wima, magoti yakilalamika. Akajikung'uta mchanga, akautengeneza mtandio wake vizuri kichwani.

"Basi kaa," alisema, akimwonyesha pale ardhini alipotoka. "Hafungui haraka. Hufungua akitaka."

Chujio akavua viatu, akakaa.